Simama Pale Aliposimama Mchoraji

Katika eneo la Yotsuya jijini Tokyo kuna ngazi zinazopanda kuelekea hekalu la Kishinto la Suga. Kushoto na kulia ni nyumba za watu. Katikati kuna vyuma vya kushikia vilivyopakwa rangi nyekundu, na ukifika juu ukageuka nyuma unaona mapaa, nyaya za umeme na kipande cha anga. Ni ngazi za mtaani tu. Lakini tangu filamu ya Kimi no Na wa ya Makoto Shinkai ilipotoka mwaka 2016, watu kutoka kila bara hufika pale simu mkononi, wakitafuta kipandio kile kile ambapo Taki na Mitsuha walipishana kisha wakageukiana.

Ziara za namna hii Wajapani huziita seichi junrei, yaani hija ya mahali patakatifu. Zimekuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2016 kiliundwa chama cha utalii wa anime, ambacho hutoa orodha ya maeneo 88 ya kuzuru. Idadi hiyo inafuata mahekalu 88 ya kisiwa cha Shikoku, ambayo mahujaji wa Kibudha wamekuwa wakiyazunguka kwa karne nyingi. Orodha inafaa kwa kuanzia. Ushauri wangu, hata hivyo, ni kuchagua machache na kuyafanyia kazi. Anayekimbilia sehemu kumi kwa siku hurudi na picha kumi zilizo sawa na za kila mtu. Anayechagua onyesho moja, akalitafuta mpaka akapata alama ya miguu ya mchoraji, hurudi akiwa amejifunza kutazama, na filamu ile hataiona tena kwa macho ya zamani.

Kazi ipi ina mahali pa kwenda?

Anime nyingi zina miji ya kubuni tu. Hakuna treni inayofika Konoha, kijiji cha Naruto. Kazi zinazofaa ni zile ambazo watengenezaji wake walitoka studio wakaingia mtaani na kamera, kisha wakachora walichokipiga. Shinkai ni mmoja wao. Studio ya Kyoto Animation nayo imejenga jina kwa utaratibu huo: Hyouka ya 2012 imechorwa juu ya mitaa ya mji wa Takayama, na K-On! ya 2009 imechukua jengo zima la shule halisi, ambayo nitaifikia mbele.

Studio Ghibli ni habari nyingine, na hapa ndipo wageni wengi hupotezwa. Utaambiwa kwamba mji wa Jiufen, Taiwan, ndio mji wa Spirited Away. Mwongozaji wake, Hayao Miyazaki, mwenyewe amekana. Jiufen ni pazuri, nenda ukipenda, lakini usiende ukidhani mchoraji alisimama pale. Ukitaka chembe ya kweli ya filamu hiyo, panda treni hadi Koganei, magharibi mwa Tokyo, kwenye jumba la makumbusho la wazi la Edo-Tokyo, lililo karibu na studio yenyewe. Majengo ya zamani yamehamishiwa pale na kusimamishwa upya. Ingia kwenye duka la vifaa vya kuandikia uangalie ukuta wake: droo ndogondogo za mbao, safu juu ya safu kuelekea darini. Aliyeona chumba cha boila cha mzee Kamaji mwenye mikono mingi atajua mara moja anaangalia nini.

Vivyo hivyo Itomori, mji wa Mitsuha, haupo kwenye ramani. Mashabiki hupanda bustani ya Tateishi juu ya Ziwa Suwa, mkoani Nagano, kwa sababu ziwa linafanana na lile la filamu, na hakuna ubaya. Lakini kituo cha treni cha Hida-Furukawa, mkoani Gifu, kinaonekana kwenye filamu kama kilivyo: panda daraja la watembea kwa miguu linalovuka reli na utaiona pembe yenyewe. Tofautisha haya mawili unapopanga safari. Kuna mahali palipochorwa, na kuna mahali panapofanana na pale palipochorwa. Pote pana raha yake, ila usilipe nauli ya pa kwanza ukafika pa pili.

Upelelezi huanzia nyumbani

Tazama filamu mara ya pili ukiwa na daftari. Safari hii usifuate hadithi, fuata mandhari iliyo nyuma ya wahusika. Kila unapoona kona, daraja, mteremko au kituo, simamisha, piga skrinshoti, na uipe jina lenye dakika na sekunde yake. Kazi hii ifanye kabla ya kuingia kwenye mitandao ya mashabiki. Ukianza na ramani zao utaona walichokiona wao tu, na mara nyingi onyesho lililokugusa wewe halimo.

Kisha soma picha zako. Japani ni nchi inayoandika anwani kila mahali, na wachoraji makini huziacha. Nguzo za umeme huwa na kibao chembamba chenye jina la eneo na namba. Mashine za kuuzia vinywaji, ambazo ziko kila kona, zina stika ya anwani ili mtu mwenye dharura aweze kueleza alipo. Mifuniko ya chemba barabarani hutofautiana mji hadi mji, mingine ikiwa na maua au mlima wa mji husika. Rangi za treni nazo husema: ukanda wa kijani ni reli ya Yamanote, wa chungwa ni Chuo ziendazo kasi, wa njano ni Chuo-Sobu zisimamazo kila kituo. Treni ikionekana nyuma ya mhusika kwa sekunde mbili tu, tayari umeshaondoa robo tatu za jiji la Tokyo. Majina ya maduka yasikusumbue, kwa kuwa mengi hubadilishwa herufi moja au mbili. Angalia umbo na rangi ya kibao badala ya maandishi.

Ukishapata eneo, ingia kwenye ramani za picha za barabarani za Google na utembee hapo ukiwa umekaa kwako Mwanza au Mombasa. Hili lenyewe ni nusu ya raha, na halihitaji nauli. Geuza kamera, panda mteremko, tafuta dirisha lile. Pia angalia tarehe ya picha, na urudi kwenye picha za miaka ya nyuma zikiwepo. Miji ya Japani hubomoa na kujenga bila kuchoka. Jengo la Yoyogi Kaikan, ambalo juu ya paa lake Hina anaombea jua katika Weathering with You, lilianza kubomolewa mwaka ule ule wa 2019 filamu ilipotoka. Redio Kaikan ya Akihabara, inayojulikana kwa Steins;Gate, ilivunjwa na kujengwa upya. Kufika ukakuta uzio wa ujenzi ni kupoteza siku, na dakika tano za kuhakikisha zinatosha kuiokoa.

Jambo moja zaidi kabla ya kufunga kompyuta: nakili jina la mahali kwa herufi za Kijapani, ulihifadhi kwenye simu. Ukimwonyesha mzee wa mtaani neno Suga kwa herufi za Kilatini atatikisa kichwa. Ukimwonyesha kwa Kijapani atakushika mkono akupeleke.

Kupata pembe

Sasa umefika. Hapa watu wengi hupiga picha haraka, wakaondoka wakishangaa kwa nini haifanani na filamu. Sababu ni kwamba wameanza na ukubwa wa vitu badala ya kuanza na miguu yao.

Fanya hivi. Chapisha skrinshoti kwenye karatasi, au ifungue kwenye simu ya pili, uishike kando ya kamera. Chagua vitu viwili ndani ya mchoro, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali: nguzo ya taa, tuseme, na dirisha la nyumba iliyo nyuma yake. Jiulize nguzo inalikata dirisha wapi, kushoto, katikati au ukingoni. Sogea upande mmoja au mwingine mpaka nguzo ilikate palepale. Umeshapata mstari. Kisha tafuta kimo kwa njia hiyo hiyo: ukuta wa karibu unafika wapi kwenye paa la mbali? Mara nyingi utalazimika kupiga magoti, kwa kuwa wachoraji wa anime hupenda kuweka jicho chini ili anga liwe kubwa. Mwisho songa mbele au rudi nyuma mpaka vitu vya karibu na vya mbali viwe na uwiano ule wa mchoro. Miguu ikishatulia, ndipo uguse lenzi. Kuvuta picha kwa lenzi hakubadilishi kipi kinakinga kipi. Ni miguu peke yake inayobadilisha hilo. Mlima au bahari ikionekana kubwa na ya karibu sana kwenye mchoro, maana yake mchoraji alisimama mbali akavuta kwa lenzi. Rudi nyuma hatua nyingi kuliko unavyodhani.

Na hapa ndipo mambo yanaponoga. Ukishasimama pembe ikakubali, utaanza kuona alichobadilisha mchoraji. Nyaya mbili zimeondolewa. Jengo limesogezwa kidogo kushoto ili jua lipite. Rangi ya vyuma vya ngazi imekolezwa. Hivi ndivyo unavyomwona mtu akifikiri, na hakuna kitabu cha sanaa ninachokijua kinachofundisha jambo hili kwa uwazi huo.

Msimu na saa ya siku vinahesabika. The Garden of Words ya Shinkai, ya mwaka 2013, ni filamu ya mvua, na mahali pake ni bustani ya Shinjuku Gyoen katikati ya Tokyo. Wengi huenda siku ya jua kali, wakakiona kibanda cha mapumziko wanamokutana kijana Takao na mwalimu, wakaona ni kibanda tu. Nenda msimu wa mvua, kati ya Juni na katikati ya Julai, na utafute siku inayonyesha. Maji yakigonga bwawani na majani yakainama juu yake, kijani chote kile cha filamu kinajitokeza chenyewe. Bustani hufunguliwa saa 3 asubuhi, kiingilio kwa mtu mzima ni yeni 500, na kwa kawaida Jumatatu hufungwa. Mwalimu yule hunywa bia kibandani, lakini pombe hairuhusiwi bustanini, na filamu yenyewe inalikumbusha hilo mwishoni.

Viza, treni na tiketi

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza, na balozi za Japani zipo Dar es Salaam na Nairobi. Miongoni mwa karatasi zinazoombwa ni ratiba ya siku kwa siku na mahali utakapolala. Daftari lako la maonyesho hukusaidia hapa: andika miji, vituo na tarehe kwa ukweli, usitunge ratiba ya mtalii wa kawaida wakati wewe unakwenda Gifu kuona kituo cha treni. Uliza ubalozini mapema, kwa kuwa masharti hubadilika.

Panga maonyesho yako kwa njia za reli, usiyapange kwa filamu. Onyesho la filamu moja na la nyingine kabisa yanaweza kuwa vituo viwili tu kutoka moja hadi jingine, huku maonyesho mawili ya filamu moja yakiwa mikoa tofauti. Ndani ya Tokyo nunua kadi ya Suica au Pasmo, weka hela, gusa mlangoni, basi. Mashambani beba pesa taslimu, kwa sababu vituo vingi vidogo havina mashine za kadi, na kati ya treni na treni panaweza kupita saa nzima au zaidi. Ukishuka, kabla hujatoka kituoni, piga picha ubao wa ratiba ya kurudi.

Tiketi ya JR Pass, ya kupanda treni za JR kwa siku kadhaa, ilikuwa ikisifiwa na kila mtu. Oktoba 2023 ile ya siku 7 ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Ukilala Tokyo na kutoka mara mbili tatu, tiketi za kawaida mara nyingi zitakugharimu kidogo zaidi ya nusu ya hapo, au chini yake. Piga hesabu kwanza. Chichibu, mji wa Anohana ya 2011 na lile daraja lake la zamani, unafikiwa kwa treni za Seibu kutoka Ikebukuro, kwenda na kurudi siku moja, na wala JR Pass haifanyi kazi kwenye reli hiyo.

Msomaji Mwislamu anaweza kuunganisha mambo mawili vizuri sana. Msikiti wa Tokyo Camii, uliojengwa kwa mtindo wa Kiothmani na kukamilika mwaka 2000, uko Yoyogi-Uehara kwenye reli ya Odakyu. Ukishaswali Ijumaa, ifuate reli kuelekea Sangubashi, vituo viwili tu. Upande huo ndipo kilipo kivuko cha reli cha 5 Centimeters per Second ya 2007, pale ambapo Takaki anageuka na treni inapita katikati. Nenda mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, maua ya mcheri yakiwa yamechanua. Kuhusu chakula, uliza hata unapoona ni tambi na mboga. Supu nyingi hupikwa kwa mifupa ya nguruwe, na michuzi mingi ina pombe ya mchele.

Mtaa wa watu

Kituo cha Kamakurakoko-mae ni kidogo, kiko kwenye reli ya Enoden yenye urefu wa kilomita 10 kati ya Fujisawa na Kamakura, na mbele yake ni bahari. Hatua chache kutoka kituoni kuna kivuko cha reli kinachoonekana kwenye wimbo wa kufungulia Slam Dunk, anime ya mpira wa kikapu iliyorushwa kuanzia 1993 hadi 1996: treni inapita, msichana Haruko yuko ng'ambo, anapunga mkono. Kwa vijana wa China, Korea na Taiwan onyesho hilo ni ujana wao mzima, na filamu ya The First Slam Dunk ya mwishoni mwa 2022 iliwasha upya moto huo. Matokeo yake ni umati unaojaa barabarani, magari yakipiga honi, watu wakisogea relini ili wapate treni ikiwa karibu, na takataka kwenye milango ya wenyeji. Imebidi walinzi wawekwe.

Sikuambii usiende. Nakuambia nenda asubuhi mapema siku ya kazi, piga picha ukiwa pembeni mwa barabara, na kama pembe sahihi iko katikati ya lami, iache. Hilo ni gumu kwa mtu aliyetoka mbali, naelewa, lakini hakuna picha inayostahili mtu agongwe au dereva wa treni ashike breki. Treni hupita kila robo saa hivi, basi ukikosa moja unaisubiri nyingine. Juu ya mteremko ipo shule ya sekondari. Wanafunzi wakipita, teremsha simu. Mtoto wa watu si mhusika wa katuni, na yule aliyevaa sare inayofanana na ya Haruko anakwenda darasani.

Kanuni hiyo inafaa kila mahali. Kwenye ngazi za Suga, watu wanalala nyuma ya madirisha yale, hivyo sauti iwe chini na stendi ya kamera ibaki hotelini. Majumbani kwa Wajapani huwa na kibao cha jina la ukoo mlangoni. Kikitokea pichani, kifute kabla ya kuiweka mtandaoni, na namba za magari vilevile. Nyumba binafsi iliyochorwa kwenye anime usitangaze anwani yake, hata kama umeitafuta kwa wiki nzima. Maktaba ya mji wa Hida inaonekana kwenye Kimi no Na wa. Ingia, nenda kaunta, omba ruhusa ya kupiga picha, na usiwapige wasomaji. Hekaluni inama kidogo langoni na upite pembeni mwa njia, kwa sababu katikati huachiwa miungu yao. Kama dini yako haikuruhusu kushiriki ibada, huna sababu ya kujilazimisha. Simama kwa heshima, kofia mkononi, inatosha.

Upande wa pili wa shilingi ni miji midogo inayokungoja kwa hamu, na moyo wangu uko huko zaidi. Washinomiya, mkoani Saitama, ni mji ambao wengi hawakuwa na sababu ya kushuka treni mpaka hekalu lake lilipotokea kwenye Lucky Star mwaka 2007. Mashabiki walianza kutundika vibao vya mbao vya maombi vilivyochorwa wahusika, wafanyabiashara wakawakaribisha, na kuanzia 2008 hata kwenye sherehe za mji kulibebwa mabegani hekalu dogo lenye michoro ya wasichana wale. Simama ukavitazama vibao hivyo; kuna michoro pale iliyofanywa kwa kalamu za kawaida ambayo ungeweza kuitundika nyumbani.

Oarai, mji wa wavuvi mkoani Ibaraki, ulipigwa na tsunami Machi 2011. Mwaka uliofuata ukaanza Girls und Panzer, anime ya wasichana wanaoendesha vifaru katika mitaa ya mji huo huo. Leo wauza samaki, vinyozi na wauza mkate wa Oarai wana sanamu bapa za wahusika milangoni mwao, kila duka na msichana wake. Ukitaka kuuona mji ukiwa umechangamka nenda Novemba, wakati wa tamasha la samaki wanayemwita anko, mwenye mdomo mpana na nyama laini. Kutoka Mito ni kama dakika 15 kwa reli ya Kashima Rinkai. Hapa usiende na skrinshoti tu. Kula, nunua, ongea kwa ishara. Muuza duka anayekuonyesha msichana wake atakueleza pia maji yalifika wapi ukutani, ukimpa nafasi.

Aliye Ulaya, na aliyekwenda hadi Shiga

Msomaji anayeishi Ulaya halazimiki kufika Japani kwa kila kitu. Kwa ajili ya Kiki's Delivery Service ya 1989, mji wa Koriko ulichorwa baada ya Miyazaki na wenzake kuzuru Stockholm na Visby, mji wa kale wenye ukuta kisiwani Gotland, Sweden. Ni mchanganyiko wa miji, kwa hiyo tafuta mapaa na vichochoro kuliko pembe kamili.

Lakini kama nitaombwa kuchagua siku moja kwa mtu wa pwani yetu, nitamtuma Shiga, mkoa wa Ziwa Biwa, mashariki mwa Kyoto.

Mwaka 1579 alifika Japani mtu mweusi katika msafara wa padri Mwitaliano, Alessandro Valignano. Wajapani walimwita Yasuke. Chanzo kimoja cha Kijesuti cha mwaka 1627 kinasema alitoka Msumbiji. Mwaka 1581 alikutanishwa na Oda Nobunaga, mtawala mwenye nguvu kuliko wote wakati huo, akaingia katika utumishi wake. Mwaka 2021 studio ya MAPPA ilitoa anime ya Yasuke, iliyoongozwa na LeSean Thomas. Hadithi yake ina uchawi na roboti, hivyo usiitumie kama somo la historia, ila mahali bado papo. Kuwa mwangalifu Kyoto: hekalu la Honno-ji unaloliona leo si pale Nobunaga alipofia mwaka 1582. Lilihamishwa baadaye, na kiwanja cha asili kina jiwe la kumbukumbu tu, katikati ya mitaa ya kawaida.

Azuchi ndipo penye kitu cha kusimamia. Ngome ya Nobunaga, iliyoanza kujengwa 1576, iliteketea mwaka ule ule aliokufa, lakini ngazi zake pana za mawe bado zinapanda mlima. Kutoka Kyoto ni chini ya saa moja kwa treni za JR. Nyingi za zile za haraka hazisimami Azuchi, kwa hiyo badilisha Omi-Hachiman. Kodi baiskeli mbele ya kituo, uende asubuhi kabla jua halijawa kali, na uvae viatu vya kushika mawe. Chini, kwenye jumba la Nobunaga no Yakata, kuna ghorofa mbili za juu za ngome zilizojengwa upya kwa ukubwa kamili kwa ajili ya maonyesho ya Sevilla ya 1992, nyekundu na dhahabu ukutani.

Mchana rudi JR hadi Hikone, uingie reli ndogo ya Ohmi mpaka Toyosato. Dakika kama kumi kwa miguu utaikuta shule ya msingi ya zamani, iliyojengwa 1937 na ofisi ya mbunifu William Merrell Vories, na ambayo mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilinusurika kubomolewa kwa sababu wakazi waliipigania. Hii ndiyo shule ya wasichana wa K-On!. Kuingia ni bure. Usikimbilie chumba cha muziki cha ghorofa ya tatu, ambako mashabiki wamepanga vikombe vya chai mezani kama kwenye anime. Anza na ngazi. Kwenye mbao za kushikia kuna sungura na kobe wa shaba, wadogo, wakishindana kupanda: chini wako sawa, mbele kidogo sungura amelala, na juu kabisa ni kobe peke yake. Wachoraji waliwaweka wanyama hao kwenye anime kama walivyo. Kwa pembe ya onyesho lile, inama mpaka jicho liwe sawa na mgongo wa kobe, uache dirisha la ngazini liwe nyuma yake, na upige kabla jua la alasiri halijashuka. Kisha upande chumba cha muziki. Treni za Ohmi si nyingi, na saa za kufunga jengo zimebandikwa mlangoni; zisome unapoingia.